Fumbo Lililochongwa: Methali na Sanamu katika Chama cha Bwami cha Walega

Utangulizi

Waswahili husema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Msemo huu humsifu mwerevu na kumtwika uwezo wa kufumbua lolote alisikialo kwa nguvu za akili yake mwenyewe. Hata hivyo, katika misitu ya mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo jamii iliyolijenga fumbo kwa namna ambayo werevu peke yake haumfikishi mtu popote. Walega, waishio katika maeneo ya Mwenga, Shabunda na Pangi, katika majimbo ya Kivu Kusini na Maniema ambako Kiswahili pia kimeenea, waliyatia mafunzo yao ndani ya sanamu ndogo za mti, mfupa na pembe za ndovu. Mtu aitazamaye sanamu hiyo bila kufunzwa huona umbo tu. Aliyefunzwa huikumbuka methali, wimbo, ngoma, na siku aliyofunuliwa maana yake.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi chama cha Bwami kilivyozigeuza methali kuwa sanamu, nani aliyeruhusiwa kuzisoma, na kilichotokea pale sanamu zilipotenganishwa na wasomaji wake. Hoja inayojengwa ni kuwa sanamu na methali katika Bwami ni nusu mbili za matini moja, na kwamba nusu moja ikiondolewa, nyingine haiwezi kuirejesha. Hoja hii inamhusu mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kwa karibu. Majumba ya makumbusho yanazo sanamu zisizokuwa na maneno. Yeye anazo methali zilizopangwa kialfabeti vitabuni, zisizokuwa na vitu, watu wala hafla zilizozizaa.

Bwami ni Nini?

Walega hawakuwa na mfalme mmoja wala serikali kuu. Kilichowaunganisha watu wa koo na vijiji mbalimbali ni Bwami, chama cha hiari ambacho wanaume kwa wanawake waliweza kujiunga nacho na kupanda ngazi kwa ngazi maishani mwao. Kwa wanaume, madaraja makuu yalikuwa Kongabulumbu, Kansilembo, Ngandu, Yananio na hatimaye Kindi, ambalo ndilo la juu kabisa. Wanawake walikuwa na madaraja yao: Bombwa, Bulonda na Bunyamwa. Madaraja ya mke yaliambatana na ya mumewe, na mwanamume hangeweza kukifikia kilele cha Bwami pasipo mke aliyeingizwa naye. Kwa hiyo, ndoa yenyewe ilikuwa sehemu ya elimu ya chama.

Kupanda daraja kulihitaji mali nyingi na msaada wa jamaa, lakini mali haikutosha. Mtahiniwa alichunguzwa mwenendo wake: je, ni mtu wa subira? Je, huzuia ulimi wake? Je, huishi kwa amani na nduguze? Mtu mwenye ghadhabu na choyo angeweza kuwa tajiri na bado akabaki nje ya mlango wa Kindi. Lengo la masomo yote lilikuwa kumjenga mtu ambaye uzuri wa tabia yake ungeonekana katika matendo yake, na aliyefika juu alitarajiwa kuwa mfano kwa kijiji kizima.

Mafunzo hayo hayakutolewa kwa hotuba. Yalitolewa katika sherehe zilizoendelea kwa siku kadhaa, ambamo wakufunzi waliimba methali, wakazicheza kwa miguu na mikono, na kuonyesha vitu vilivyobeba maana zake. Mtaalamu aliyeyachunguza mambo haya kwa kina ni Daniel Biebuyck, aliyetafiti miongoni mwa Walega mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kuhusu utamaduni wa Walega mwaka wa 1973. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanamjua zaidi kwa utendi wa Mwindo wa Wanyanga, alioutoa pamoja na Kahombo Mateene mwaka wa 1969. Katika utafiti wake wa Bwami, Biebuyck alikusanya mamia ya methali na kuonyesha vitu vilivyoambatana nazo.

Fumbo Linavyotiwa katika Umbo

Vitu vya Bwami vilikuwa vya aina nyingi. Vingine havikuchongwa kabisa: magamba ya kakakuona, midomo ya hondohondo, manyoya, majani, kauri. Kakakuona, kwa mfano, alipewa heshima kubwa kwa sababu Walega husimulia kuwa ndiye aliyewafunza wanadamu kuezeka nyumba, kwa jinsi magamba yake yanavyolaliana kama majani ya paa. Gamba moja mkononi mwa mkufunzi lilitosha kuamsha mafunzo juu ya nyumba, familia na watu wanaofunikana wasilowe.

Juu ya vitu hivi vya kawaida vilisimama vitu vilivyochongwa: vinyago vidogo vya uso, sanamu za watu na za wanyama. Kinyago cha mti kiitwacho lukwakongo, chenye uso uliopakwa weupe na ndevu za nyuzi, kilikuwa alama ya daraja la Yananio. Jambo la kuajabiwa ni kwamba kinyago hiki hakikuvaliwa usoni siku zote. Kilifungwa mkononi au pajini mwa kichwa, kilishikwa kwa ndevu zake na kuburutwa, kilitundikwa uani au kulazwa chini pamoja na vingine. Kila mkao ulikuwa na methali yake. Umbo lilikuwa moja, ila namna ya kulishika ilizaa maana nyingine, mithili ya neno moja linalobadilika maana kwa kiimbo.

Sanamu za pembe za ndovu zilikuwa za wenye daraja la Kindi. Zilipakwa mafuta na kung'arishwa mara kwa mara kama miili ya wenyewe, hata zikapata rangi ya hudhurungi na ulaini ambao leo unawavutia wakusanyaji wa sanaa duniani. Ulaini huo ni rekodi ya mikono iliyozishika. Mwenye sanamu alipofariki, sanamu ilirithiwa na mwingine aliyestahili, na kwa njia hiyo ilibeba kumbukumbu ya waliotangulia pamoja na methali yake.

Mifano Miwili

Mfano unaofahamika zaidi ni sanamu yenye nyuso au vichwa vingi iitwayo Sakimatwematwe. Msomaji ajuaye Kikamba au Kikuyu atalitambua mara moja shina -twe katika jina hili, kwani mũtwe ni kichwa. Sanamu hii huambatana na kauli inayomtaja Bwana Vichwa-Vingi aliyemwona ndovu ng'ambo ya mto mkubwa. Mtu asiyefunzwa anaweza kudhani kuwa ni zimwi la hadithini. Kwa mwanachama, vichwa vingi ni sifa ya mzee wa Kindi: hutazama pande zote kabla ya kutoa hukumu, huona ya mbali ambayo wengine hawajayaona, wala haelemei upande mmoja. Ndovu yuko ng'ambo, mto ni mpana, na mwenye jicho moja hamwoni.

Mfano wa pili ni Wayinda, sanamu ya mwanamke mwenye mimba. Mtazamaji wa kigeni angeweza kuiita sanamu ya rutuba au ya sifa za uzazi, na maelezo ya namna hiyo yametolewa mara nyingi kuhusu sanaa ya Afrika. Maana iliyofundishwa katika Bwami ni kinyume chake: Wayinda ni mwanamke aliyezini akiwa mja mzito, akajiletea taabu yeye na jamaa zake. Sanamu hii ni onyo. Sanamu nyingi za Bwami hufunza kwa njia hii, yaani kwa kumwonyesha mtu asivyopaswa kuwa, kama vile ngano zetu zinavyofunza kwa fisi mlafi.

Mifano hii inadhihirisha jambo ambalo Biebuyck alilisisitiza: umbo pekee halimwezeshi mtu kuikisia methali. Sanamu mbili zinazofanana zinaweza kubeba mafunzo tofauti, na fundisho moja linaweza kubebwa na sanamu mbili zisizofanana hata kidogo, au na sanamu katika kijiji hiki na jani katika kijiji kile. Uhusiano wa umbo na maana uliwekwa na kundi, ukatunzwa na kundi. Kwa lugha ya wanaisimu, ni uhusiano wa makubaliano, kama ulivyo uhusiano wa neno na kitu linachokitaja.

Kazi ya Mikono Mingi

Ni vigumu basi kuuliza mtunzi wa sanamu ya Bwami ni nani. Mchongaji aliitengeneza kwa agizo, lakini alipomaliza kazi yake sanamu ilikuwa bado haijasema kitu. Ilipaswa kuingizwa katika sherehe, iwekwe pamoja na vitu vingine, iimbiwe, ichezewe, ipakwe mafuta. Mkufunzi aliipa sauti. Mwenye kuingizwa aliipa masikio na baadaye akawa mlinzi wake. Wake wa wanachama walishiriki katika nyimbo na ngoma, na baadhi yao walikuwa na sanamu zao. Kila mmoja alichangia sehemu ya matini ambayo hakuna aliyeimiliki yote peke yake.

Hapa ndipo msemo wa fumbo na mwerevu unapokwama. Katika Bwami, mtu hakuligangua fumbo kwa kuwa na akili kali kuliko mwenzake. Alifumbuliwa na waliomtangulia, kwa zamu, kadiri tabia yake ilivyokua. Kijana mwerevu wa miaka ishirini angeweza kuyasikia maneno yote ya methali kutoka nyuma ya ua na bado asiwe amepata maana, kwa sababu sehemu ya maana ilikuwa ni ule wajibu aliotwikwa mtu alipooneshwa sanamu.

Ulinganisho: Lukasa ya Waluba

Bwami si mfano wa pekee katika ukanda huu. Kusini zaidi, katika nchi ya Waluba wa Katanga, chama cha Mbudye kilikuwa na kifaa kiitwacho lukasa. Huu ni ubao wa mti wa kutosha kiganja, uliobanwa kiunoni, ambao upande mmoja umepachikwa shanga, kauri na vipande vya chuma, au umechorwa nakshi. Msomaji aliushika kwa mkono wa kushoto na kuupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia huku akisimulia. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mtawala na watu wake; mstari wa shanga uliweza kuwa njia au safari. Kwa kidole hicho, mtu wa Mbudye alisimulia asili ya ufalme, habari za Nkongolo Mwamba mfalme katili, za mwindaji Mbidi Kiluwe, na za mwanawe Kalala Ilunga aliyemshinda mfalme huyo.

Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kazi yao ya mwaka wa 1996 kuhusu kumbukumbu katika sanaa ya Waluba, walieleza kwamba lukasa moja haikusomwa kwa njia moja. Msomaji aliteua cha kusema kulingana na hafla, hadhira na mgogoro uliokuwa mbele yake. Shanga zilizuia usimulizi usipotee njia, lakini hazikuandika kila neno. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona hapa picha dhahiri ya kile anachofundishwa kuhusu fanani: yapo yaliyo imara katika utungo, na yapo yanayozaliwa papo kwa papo. Tofauti ya lukasa na sanamu za Bwami ni kuwa lukasa hutunza mfuatano wa habari, ilhali sanamu hutunza fundisho moja moja. Kinachozifanya ndugu ni kuwa zote mbili hunyamaza zinapotoka mikononi mwa chama.

Sanamu Zilipotenganishwa na Sauti

Utawala wa Wabelgiji ulikitilia shaka chama cha Bwami. Serikali ya kikoloni haikuelewa chama kisichokuwa na mkuu mmoja, kinachokutana kwa siku nyingi na kutumia vitu ambavyo wageni hawakuruhusiwa kuviona. Mwaka wa 1948 kilipigwa marufuku rasmi. Sherehe hazikukoma zote, lakini zilifanywa kwa kificho na kwa ufupi. Wakati huohuo, sanamu nyingi ziliondoka kwa kununuliwa, kuchukuliwa au kusalimishwa, zikaishia katika majumba ya makumbusho na makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani.

Kilichoandikwa juu ya nyingi kati ya sanamu hizo ni jina la kabila, aina ya malighafi na urefu kwa sentimita. Jina la mwenyewe halimo. Methali haimo. Na kwa kuwa umbo halimfikishi mtu kwenye methali, maarifa hayo hayawezi kurudishwa kwa kuichunguza sanamu kwa darubini. Pale tu ambapo mtafiti aliketi na wanachama na kuandika maneno yao, kama alivyofanya Biebuyck, ndipo sanamu fulani zinaposomeka hata leo.

Suala hili limepata uzito mpya. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji aliikabidhi Kinshasa kinyago cha Kakungu cha Wasuku kwa mkopo usio na ukomo, na mwaka huohuo bunge la Ubelgiji likapitisha sheria inayofungua njia ya kurejeshwa kwa vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Hatua hizi zinastahili kupongezwa. Lakini kitu kikirudi ilhali waliojua maneno yake wamekwisha kufa, kilichorudi ni nusu. Ile nusu nyingine haimo katika sanduku lolote la Brussels wala Tervuren; ilikuwa midomoni mwa wazee.

Kenya inalijua jeraha hili. Vigango, nguzo za mti zinazochongwa kwa kumbukumbu ya wazee wa chama cha Gohu cha Wamijikenda, viling'olewa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka wa 1985 vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka wa 2007, na vingine vingi vimefuata. Kwa Wamijikenda, kigango si pambo. Ni mtu aliyesimamishwa mahali pake, mwenye jina na nasaba. Kisipojulikana kilitoka bomani kwa nani, kurudi nchini hakujawa kurudi nyumbani.

Funzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Je, mambo haya ya Kongo yanamhusu vipi mtu anayesoma fasihi ya Kiswahili? Yanamhusu kwa sababu somo la methali katika shule na vyuo vyetu limekuwa, kwa kiasi kikubwa, somo la orodha. Mwanafunzi hupewa methali, maana yake na matumizi yake, kisha hutahiniwa. Ni kana kwamba amekabidhiwa sanduku la sanamu za Bwami zenye vibandiko vya sentimita.

Kanga yaweza kumwonyesha njia tofauti. Maneno yaliyoanza kupigwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu na baadaye kwa hati ya Kirumi, huonekana na kila ajuaye kusoma. Hata hivyo, ujumbe wa kanga haumalizikii katika jina lake. Kanga ileile mama akimpa bintiye ni wosia, jirani akiivaa akipita mbele ya nyumba ya jirani ni vita. Aliyeyanakili maneno bila kuandika nani alimpa nani, lini, na kulikuwa na nini kati yao, ameandika nusu ya matini.

Kwa hiyo, mtafiti anayekwenda nyanjani anashauriwa kuandika mambo manne pamoja na methali yenyewe. Kwanza, kitu kilichokuwepo: mkeka, kinu, mlango uliochongwa, kanga, mti. Pili, mtu aliyesema na uhusiano wake na aliyeambiwa. Tatu, mwili wake ulifanya nini alipokuwa akisema. Nne, nani hakuruhusiwa kusikia, kwa maana mpaka wa hadhira ni sehemu ya maana. Kazi hii haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji daftari, subira, na ridhaa ya mwenye maneno, kwani yapo mengine ambayo mwenyewe atataka yabaki ndani ya ua, na mtafiti mwenye adabu atayaacha huko.

Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi Walega walivyozitia methali zao katika sanamu kupitia chama cha Bwami, na jinsi maana ya sanamu hizo ilivyotegemea kundi lililozitunza. Yameonyesha pia, kwa kulinganisha na lukasa ya Waluba, kuwa mtindo huu wa kuhifadhi maarifa katika kitu na sauti kwa pamoja ulikuwa na wenzake. Marufuku ya kikoloni na biashara ya sanaa vilizitenga nusu hizo mbili, na urejeshaji wa vitu unaoendelea sasa hauwezi kuponya utengano huo peke yake.

Wazee wanaoweza kueleza kwa nini methali fulani husemwa mbele ya kitu fulani wangalipo katika vijiji vya Kongo, na wapo Kilifi, Lamu, Kitui na Kakamega. Kiswahili, lugha inayozungumzwa kutoka Mombasa hadi Maniema, kinampa mwanafunzi wa Kenya nafasi ya kuwasikiliza wengi wao bila mkalimani. Mwanafunzi atakayefunga safari mwaka huu atawakuta baadhi yao wangali hai. Atakayengoja miaka ishirini yamkini atakuta sanamu.